Rudisha Hilo Jiwe

Mwaka juzi nilipanda Longonot. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye matatu ya kukodi kutoka Nairobi, kila mmoja ametoa pesa ya nauli, kiingilio na maji. Tulipofika ukingoni nikachungulia ndani ya lile shimo, msitu mzima umekaa huko chini kama mboga kwenye sufuria, na magoti yakanilegea. Sitanii. Dada mmoja wa kundi letu alilia. Mimi nikapiga picha arobaini na kitu, nikachagua moja, nikaiweka Instagram, nikaandika chini yake kwamba mbele ya nguvu za maumbile binadamu ni sisimizi tu. Watu wakapenda. Mpaka leo hakuna picha yangu iliyopendwa kuishinda hiyo.

Nilipokwenda nyumbani Jego likizo nikamwonyesha bibi. Aliishika simu mbali na uso, kama anavyoshika karatasi za hospitali.

"Hili ni shimo," akasema.

"Ni volkano, bibi. Zamani ilikuwa inatema moto."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe kina nani?"

"Wenyewe wa hapo mahali. Si umekwenda kwa watu? Ulipiga hodi kwa nani?"

Nikamwambia kuna geti, unalipa, unaingia. Akanirudishia simu.

"Na Mrima umefika?"

Nina miaka ishirini na saba. Nimezaliwa Jego, nimesoma Jego, nimeogelea kwenye Mto Umba unaoshuka kutoka Usambara huko Tanzania na kutufurikia ukipenda. Barabara ya kutoka Lunga Lunga kwenda Msambweni nimeipita mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara, upande wa kushoto, kuna vilima viwili vimesimama peke yao kwenye nchi iliyo tambarare: Dzombo, na mwenzake mfupi, Mrima. Nimevipita nikiwa nimelala, nikiwa nasikiliza nyimbo, nikiwa nagombana na makanga juu ya chenji. Sijawahi kushuka.

Basi leo nataka kugombana, na wa kwanza kugombana naye ni huyo mimi wa ile picha.

Tuseme ukweli. Sisi vijana wa mjini tumejifunza kustaajabia milima jinsi tunavyostaajabia magari ya wenyewe: unatazama, unapiga picha, unaondoka. Tunasema "maumbile yana nguvu" halafu tunatafuta mahali pa nyama choma Naivasha. Mshangao usiokudai kitu ni burudani, na burudani si dhambi, lakini tusiipe jina la heshima. Manake mtu aliyezoea kuburudishwa na mlima hana neno la kusema siku mlima ukiwekewa bei. Yeye alikuja kutazama tu. Watakaouchimba nao watakuja, watatazama, watapima, na wao watakuwa na hesabu mkononi. Wewe utakuwa na picha.

Na Mrima umewekewa bei. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Kwanza ujue ni kitu gani. Dzombo na Mrima, pamoja na vilima vidogo vya jirani, ni mabaki ya mfumo mmoja wa moto wa chini ya ardhi. Ulikuwa hai enzi za Kretasia, ambazo zilikwisha miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wanatembea. Dzombo ni uji wa mawe uliopoa ukiwa bado ndani, haukuwahi kuiona jua mpaka mvua ilipoila ardhi iliyoufunika. Mrima ni kitu cha ajabu zaidi. Ni kabonatiti, yaani mwamba uliotoka kwenye moto kama lava lakini umejaa kabonati, jamii ya kitu kile kile kilichomo kwenye chokaa na matumbawe tunayojengea nyumba Pwani. Duniani kote leo iko volkano moja tu iliyo hai inayotema lava ya namna hiyo, nayo ni jirani yetu: Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ambao Wamaasai wanauita mlima wa Mungu. Lava yake haifanani na ile ya sinema. Ni nyeusi, nyepesi kama mafuta machafu ya gari, na ikipoa na kukutana na unyevu inageuka nyeupe. Ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007, majivu yakaruka juu angani. Mrima ni ndugu wa huo, ila alizaliwa zamani sana na mvua imemla mpaka kwenye mizizi.

Kwa hiyo ukiniambia kwetu Pwani ni bahari na minazi tu, volkano ni mambo ya huko bara, nakukatalia. Na kama wewe ni mtu wa Mombasa, hata maji yako nakukatalia. Sehemu ya maji ya mfereji ya Mombasa inatoka Chemchemi za Mzima, kule Tsavo West. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, inazama katika mawe ya volkano yaliyojaa matundu kama maandazi, inachujwa humo, inatokea Mzima ikiwa safi, halafu bomba linaiteremsha mpaka kwako. Volkano unaiogea kila siku ambayo mfereji umekubali kutoka.

Nilikwenda Mrima na mjomba wangu. Hakukubali tuende tu. Alipiga simu siku mbili kabla, akaulizia ni mzee gani wa kumwona, na asubuhi hiyo tukakaa barazani kwa watu karibu saa nzima tukinywa chai ya rangi, mjomba akieleza mimi ni mtoto wa nani na bibi yangu ni wa ukoo gani. Mrima ni kaya, msitu wa wazee wetu Wadigo. Mwaka 1961 ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi na mwaka 1992 ukatangazwa kumbukumbu ya taifa, lakini kabla ya karatasi zote hizo watu walikuwa na masharti yao: wapi uvue viatu, wapi usipite, mti gani usikatwe. Nikiri, ile saa ya chai niliona ni kupotezewa muda. Moyoni nilikuwa nasema, Longonot nililipa nikaingia.

Tukapanda. Nilikuwa nasubiri magoti yalegee. Hayakulegea. Hakuna shimo, hakuna moshi, hakuna ukingo wa kuchungulia. Kuna udongo mwekundu unaokaribia kuwa mweusi, mzito, umejaa chuma na manganizi, na miti iliyofungana. Mzee aliyetuongoza hakusema mengi. Nilimwuliza kama anajua hapa palikuwa na moto. Akasema, "Moto upo." Nikadhani hajanielewa.

Tulipita mahali penye alama za mashimo ya zamani. Tangu miaka ya 1950 wanajiolojia wamekuwa wakitoboa kilima hiki kutafuta kilichomo, na kilichomo ni kingi: niobiamu, ambayo ukiitia kidogo kwenye chuma cha pua kinakuwa imara zaidi, na madini adimu ya ardhini, yale yanayotengenezewa sumaku za mitambo ya upepo, magari ya umeme na spika za simu. Mwamba wenyewe haukuwa tajiri sana mwanzoni. Mvua ya miaka mamilioni ndiyo iliyoufanyia kazi: imeyeyusha kabonati na kuiosha ikaenda zake, na yale yasiyoyeyuka yakabaki, yakarundikana, yakazidi. Yaani mlima ulijichuja wenyewe, polepole, bila haraka na mtu.

Hapo ndipo kitu kilinishika. Sio woga wa kuanguka shimoni. Nilikuwa nimesimama peku juu ya kazi ambayo haijawahi kusimama hata siku moja tangu kabla hakujawa na mtu wa kuitazama. Lava ni dakika chache tu za maisha ya mlima. Nguvu yenyewe ni hii: mvua, muda, mizizi. Nikakumbuka jibu la mzee, moto upo, nikaona mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa.

Kiswahili kina neno la hali hiyo, nalo ni kicho. Linatokana na kucha, kama tunavyosema kumcha Mungu. Kicho si "lo!" ya kufungua mdomo. Kicho kina hofu ndani yake, kina adabu, na hasa kina mpaka: ukimcha mtu kuna mambo humfanyii. Masharti ya kaya ndiyo kicho kilichogeuzwa sheria. Sisi tumebaki na "lo!" tukaacha mpaka.

Na bado, kushuka nilishuka na jiwe mfukoni.

Dogo tu, la kujaa kiganjani, lenye kutu kutu na vipande vinavyong'aa. Nililiokota mzee akiwa ametangulia. Nilitaka kuliweka mezani kwangu Nairobi, kando ya kompyuta, ili nikikumbwa na mambo ya mjini nilitazame. Nia nzuri, si ndiyo? Usiku, nyumbani, nikamwonyesha bibi kwa furaha. Bibi hakulishika.

"Umepewa?"

"Nimeokota."

"Basi rudisha hilo jiwe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia bibi, ni kijiwe kimoja, mlima ule una mawe mangapi? Akaniambia, "Mlima una mawe yake. Wewe una la mwizi." Akaenda kulala.

Asubuhi nikamtafuta rafiki yangu, tulisoma naye darasa moja Jego, siku hizi ana boda. Nilipomweleza safari na sababu yake alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akataja bei, bei ya mtu wa Nairobi, na tukaondoka. Njia nzima tulibishana, yeye mbele mimi nyuma, kila mmoja akipiga kelele kuushinda upepo. Nayaandika mabishano hayo kwa sababu aliyoyasema yeye ndiyo yanayosemwa na vijana wengi wa huku, na mtu wa mjini anayeandika makala kuhusu milima anapaswa kuyajibu, sio kuyaruka.

Alisema hivi: "Wewe una mshahara. Unakuja hapa wiki moja unatuambia mlima una heshima. Ule mlima umekaa bure. Chini yake kuna mabilioni na mimi sina pesa ya tairi. Njaa haijui kaya."

Ana haki ya kusema hivyo kuliko niliyo nayo mimi ya kumnyamazisha. Na hayo mabilioni hakuyaota. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba madini adimu ya Mrima peke yake yana thamani ya dola bilioni 62.4. Namba hiyo ilienea kama moto wa makuti. Tangu hapo kila mtoto wa Kwale anajua amelala juu ya mabilioni, na kila asubuhi anaamka kwenye nyumba ile ile.

Lakini hebu tuifungue hiyo namba. Thamani ya madini yaliyo ardhini si pesa. Ni jumla ya kila kitu kilichomo, kabla ya kutoa gharama ya kukichimba, kukisaga, kukitenganisha na kukiuza. Kutenganisha madini adimu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na duniani leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika Uchina. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kinachotoka Mrima kitoke kikiwa udongo, na faida iende kwa mwenye kiwanda. Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali penye machimbo. Sikiliza vizuri. Ni asilimia 10 ya mrabaha, na mrabaha wenyewe ni kipande tu cha mauzo. Sio asilimia 10 ya bilioni 62.

Rafiki yangu akasema hata hiyo kumi ni bora kuliko sufuri. Sawa. Sasa tutazame mgodi ambao tuliuona kwa macho. Titani ya Kwale ilianza kusafirishwa nje mwaka 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukafikia mwisho, manake mchanga wenye madini umekwisha. Miaka kumi na kitu. Nasema hivi bila kumtukana mtu: kazi zilikuwepo, na wapo waliosomesha watoto kwa kazi hizo. Lakini mtoto aliyezaliwa siku meli ya kwanza inang'oa nanga hakuwa hata amefika kidato cha kwanza mgodi ulipofungwa. Mgodi ni mgeni. Unakuja, unakula, unaondoka. Kaya ilikuwepo kabla yake na ingekuwepo baada yake. Tukiulinganisha mlima na mgodi tulinganishe na hesabu ya miaka pia, sio dola peke yake.

Halafu liko jambo la thoriamu. Madini ya Mrima yamechanganyika nayo, na kilima hiki kinajulikana kwa wanasayansi kuwa na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Ikiwa imekaa ndani ya mwamba na msitu juu yake, ni jambo moja. Ukiichimba, ukaisaga ikawa vumbi, ukaibakisha kwenye bwawa la mabaki, ni jambo lingine. Hili sio la kubuni. Karibu na Baotou huko Uchina, yanakosafishwa madini ya mgodi mkubwa wa Bayan Obo, kuna ziwa zima la mabaki hayo. Malaysia, mahali paitwapo Bukit Merah, wakazi walipambana kwa miaka, barabarani na mahakamani, na kiwanda cha madini adimu kilichowaachia taka za thoriamu, mpaka kikafungwa mwaka 1994. Walioanza vita hivyo hawakuwa maprofesa. Walikuwa majirani.

Sidai kwamba wazee wetu waliijua thoriamu. Nachukia sana ile tabia ya kuwavisha wazee koti la maabara ili tuwaheshimu, kana kwamba bila sayansi ya mzungu hawastahili. Ninachodai ni kidogo zaidi. Waliona mahali hapa si kama pengine, wakaamua wasiparukie. Hiyo peke yake ni akili.

"Kwa hivyo usichimbwe kabisa?" rafiki yangu akauliza. Tulikuwa tumesimama kuweka mafuta, kwa hiyo hakuna upepo wa kunisaidia kujificha.

Na hapa lazima nikiri. Simu niliyopigia picha Longonot ina neodimiamu ndani yake, moja ya hayo madini adimu. Imetoka kwenye mlima wa mtu. Huko nako kulikuwa na bibi. Mitambo ya upepo ninayoishangilia inahitaji vitu hivi hivi. Siwezi kusema "chimbeni kwa wengine, kwetu hapana" halafu nijiite mtu wa haki. Anayekuambia mikono yake ni safi anaandika kwa kidole gani?

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ndilo nililomwambia pale kwenye mafuta. Mimi nasema usichimbwe, na nitasema hivyo popote nikiulizwa. Ila kauli yangu sio ya mwisho, na wala ya waziri, wala ya mwekezaji. Watu wanaoishi chini ya Mrima wapewe uwezo wa kusema hapana, hapana inayosimamisha tingatinga. Mtu asiye na uwezo wa kusema hapana, ndiyo yake haina maana. Mkutano wa hadhara wenye soda na fulana si ridhaa. Kama siku moja watu wa Mrima, wakiwa na hesabu zote mezani, thoriamu na mrabaha na miaka, wakasema chimbeni, nitaumia na nitanyamaza. Mpaka leo sijaona siku hiyo.

Nilichokiona kwenye kumbukumbu za umma ni kinyume chake. Machi 2013 leseni ya kuchimba Mrima ilitolewa. Agosti mwaka huo huo waziri wa madini wa wakati huo, Najib Balala, akaifuta pamoja na nyingine. Wawekezaji wakaipeleka Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, ICSID, wakidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 wasuluhishi wakalitupa dai hilo, na sababu inafaa kila kijana wa Pwani aijue: leseni haikufuata sheria za Kenya za kulinda mahali kama pale, ikiwemo kibali cha tathmini ya mazingira. Mwaka 2021 ombi la kubatilisha uamuzi huo nalo likakataliwa. Unaona? Yale makaratasi ya 1961 na 1992, msitu wa hifadhi, kumbukumbu ya taifa, ambayo sote tunadhani ni vibao vya kutu tu, ndiyo yaliyoiokoa nchi mabilioni. Kwa lugha ya bibi yangu, waliulizwa: mlipiga hodi? Na ikaonekana hawakupiga sawasawa.

Lakini kesi ile iliamua pesa, haikuamua mlima. Mrima bado uko pale na madini yake, bei zinapanda, na mataifa makubwa yanagombania vitu hivi kuliko wakati wowote. Watarudi. Labda wameshakaa barazani kwa mtu wakati unasoma haya. Na wakirudi watatukuta sisi, kizazi cha picha arobaini na kitu.

Nakusikia unasema, mbona unaifanya safari ya wikendi kuwa kesi? Watu waache wafurahie. Wafurahie. Lakini waulize watu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ukapasuka tena, usiku, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Na wakarudi, wakajenga juu ya lava ile ile, kwa mawe ya lava ile ile. Mtu wa Goma hahitaji kuambiwa binadamu ni sisimizi. Anajua, na kesho yake anaamka kujenga. Kicho chake kinakaa naye nyumbani, hakihitaji geti. Sisi ambao milima yetu imenyamaza tunadhani kunyamaza ni kufa, na kilichokufa kinarithiwa na aliyewahi. Hilo ndilo kosa ninalolipinga. Mlima hauhitaji kukutishia maisha ndipo uustahi.

Tulifika. Mzee yule yule alikuwa barazani. Nilitoa jiwe mfukoni, na aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia hata mbele ya mwalimu mkuu. Hakuuliza kitu. Alimwita kijana atusindikize, na mimi nikapanda mpaka pale, nikaliweka. Sikujua kama kuna neno la kusema. Nikasema samahani, kwa Kidigo changu kibovu. Rafiki yangu alikuwa amevua viatu bila kuambiwa. Alisimama muda mrefu akiangalia mashimo ya zamani.

"Hivi walichukua kiasi gani hapa?" akauliza.

"Vya kupimia tu."

"Na hao walirudisha?"

Hatukucheka. Tulishuka. Chini alisema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba amebeba watu wa kampuni mara mbili kwenye boda yake, wamelipa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza yeye anaonaje. "Wangeniuliza," akasema, "labda ningesema chimbeni. Lakini wangeniuliza." Akawasha pikipiki. Alikuwa na abiria wa kumpeleka Vanga saa kumi.

Bei hakunipunguzia.

Wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi au Mombasa, sikuambii uache kupanda milima. Panda. Ila Pwani hii ina Mrima na Dzombo, na ukipita barabara ya Lunga Lunga, toa uso kwenye simu, tazama upande ule. Ukitaka kwenda, tafuta wenyewe kwanza, kaa unywe chai, sema wewe ni mtoto wa nani. Ukisikia mkutano wa madini umeitwa Msambweni au Kikoneni na una ndugu huko, mpigie simu aende, na aulize asilimia kumi ya nini. Na ukishuka, mifuko yako iwe kama ilivyokuwa ulipopanda.

Mimi Longonot nitarudi. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na nilikuwa juu yake siku nzima bila kuuliza lina maana gani. Ile picha sijaifuta. Nimebadilisha tu maneno ya chini yake. Sasa yanauliza: wenyewe wako wapi? Watu hawajapenda sana.